Haba na Haba Bila Kura: Kiswahili Kilivyoanguka Düsseldorf

Wapenzi wa Eurovision hapa Malakisi tunahesabika kwa vidole, na vidole vingine vinabaki. Ukilitaja shindano hilo sokoni utaulizwa kama ni ligi mpya ya kandanda. Kwa hivyo nyinyi mnaokuja hapa kusoma mambo ya programu na hifadhidata, leo mnivumilie kidogo. Nataka tuongee juu ya wimbo mmoja na hesabu moja. Wimbo ni "Haba Haba" wake Stella Mwangi, ulioiwakilisha Norway mwaka 2011. Hesabu ni ile iliyoutupa nje katika nusu fainali, ukiwa wa 17 kati ya nyimbo 19.

Tangu siku ile nimesikia sababu za kila aina. Kuna wanaosema Wazungu hawakuielewa lugha. Kuna wanaosema wimbo wenyewe ulikuwa mwepesi. Kuna na wanaosema mambo makali zaidi kuhusu rangi ya ngozi, na siwezi kuapa kwamba wamekosea. Lakini mimi ni mtu wa tarakilishi. Programu ikitoa jibu la ajabu, kwanza nafungua msimbo nione inahesabu vipi. Nimefanya hivyo na shindano hili pia, na nadhani kanuni zake zina mengi ya kutueleza kabla hatujaanza kusoma mioyo ya watu.

Kwa wasioijua Eurovision: ilianza mwaka 1956 kule Lugano, Uswisi, na nchi 7. Kila nchi huleta wimbo mmoja kupitia shirika lake la utangazaji, halafu nchi zinapeana pointi. Mwimbaji wa kwanza mweusi alikuwa Milly Scott aliyeimbia Uholanzi mwaka 1966. Mweusi wa kwanza kushinda alikuwa Dave Benton, mzaliwa wa Aruba, aliyeimbia Estonia mwaka 2001. Kiswahili kilisubiri hadi 2011.

Stella alizaliwa Nairobi mwaka 1986 na akahamia Norway na familia yake akiwa bado mtoto. Wapenzi wa hip hop walimjua kama STL muda mrefu kabla ya Eurovision, huku nyumbani na kule. Tarehe 12 Februari 2011 alishinda mchujo wa Norway mjini Oslo, na wimbo wake ukapanda hadi namba moja katika chati ya nchi hiyo. Hebu fikiria: nchi yenye theluji, watoto wanaelekea shule huku wanaimba methali ya Kiswahili!

Sasa maoni yangu kuhusu wimbo wenyewe, maana sitaki mfikiri naupenda kwa sababu ya undugu tu.

Kiitikio ni kizuri sana. Methali ya haba na haba ina mdundo wake tayari, mtunzi hana kazi kubwa ya kuongeza. Kuondoa ile "na" katikati kumeifanya iwe kama "kidogo kidogo" au "polepole", neno linalorudiwa ili litembee, na ngoma inalipokea vizuri. Kibaba nacho ni kipimo cha pwani, robo ya pishi. Huku kwetu mahindi yanapimwa kwa gorogoro, na nimewahi kukutana na kijana wa hapa aliyedhani kibaba ni baba mdogo. Hata sisi wenyewe tunaimba vitu ambavyo hatujawahi kuvishika mkononi.

Udhaifu uko kwenye beti za Kiingereza. Zinasimulia bibi aliyemwambia mjukuu kwamba anaweza kuwa chochote anachotaka, kwa hivyo kiitikio kinapofika methali imeshafasiriwa. Methali haipendi hivyo. Inataka kusemwa kwanza, mtu abaki nayo, maana imjie baadaye akiwa njiani. Ningekuwa mimi ningemwacha bibi aongee Kiswahili, hata Kikuyu, na Ulaya itafute yenyewe.

Hapo ndipo tunaingia kwenye kanuni. Wimbo wa Eurovision hauruhusiwi kuzidi dakika 3, na jukwaani hawazidi watu 6. Mwaka ule sauti zote zilikuwa za moja kwa moja lakini ala zilitoka kwenye rekodi. Mtu wa magharibi mwa Kenya akisikia hayo anacheka. Isukuti ipigwe kwenye rekodi? Kwaya ya watu 6? Tusiende huko leo. La maana ni zile dakika 3. Wanorway walikuwa na wiki kadhaa za redio kuuzoea wimbo huu, wakaupenda. Watazamaji wengi wa nchi nyingine waliusikia mara moja tu, usiku wa tarehe 10 Mei, ukiwa wa pili kupanda jukwaani. Baada yake zikaja nyimbo 17 kabla ya kura kufungwa. Mimi niliutazama kwa modemu, saa nne usiku na kitu kwa saa zetu, picha ikikwama kila baada ya sekunde chache, na nilipofika wimbo wa kumi na tano hata mimi nilikuwa nimeanza kuvuruga nani aliimba nini.

Haya, tuje kwenye kura zenyewe.

Mwaka 2011 karibu kila nchi ilikuwa na makundi mawili: jopo la majaji na watazamaji wanaopiga simu au kutuma ujumbe mfupi. Kila kundi lilitoa pointi kwa nyimbo zake kumi bora: 12, 10, 8, kisha 7 kushuka hadi 1. Pointi hizo zikajumlishwa, nyimbo zikapangwa upya, na kumi za juu ndizo zilizopata tena 12, 10, 8 hadi 1 kama kura rasmi za nchi. Wa kumi na moja hapati kitu.

Ukikaa na kanuni hiyo utaona tabia yake. Chukua wimbo unaoshika nafasi ya 11 katika kila nchi. Hakuna anayeuchukia, kila mahali upo karibu. Pointi zake: sifuri. Chukua wimbo mwingine ulio wa kwanza katika nchi 5 na wa mwisho katika nchi zote zilizobaki. Pointi zake: 60. Katika nusu fainali ile, wimbo wa kumi, ambao ndio wa mwisho kuvuka, ulikuwa wa Uswisi na ulikuwa na pointi 55. Kwa hivyo wimbo wenye nchi 5 zinazoupenda kufa na kupona unafika fainali, na wimbo unaovumiliwa na wote unarudi nyumbani. Shindano hili linahesabu marafiki wa karibu tu.

Sasa marafiki wa Norway walikuwa wapi? Katika nusu fainali walipiga kura washiriki 19 pamoja na Hispania na Uingereza, jumla nchi 21. Nchi haijipigii, kwa hivyo Norway ilikuwa na nchi 20 za kuitegemea. Sweden na Denmark, majirani wanaosikiliza muziki mmoja na Norway, kura ya bahati nasibu iliwatupa katika nusu fainali ya pili. Wakabaki Finland na Iceland tu. Norway ilimaliza na pointi 30. Kila nchi hugawa pointi 58, mara 21 ni 1,218, ukizigawa kwa nyimbo 19 wastani ni kama 64. Stella hakufika hata nusu yake.

Na wenye lugha? Hapa ndipo panaponiuma. Wanaoshiriki ni mashirika ya muungano wa watangazaji wa Ulaya, EBU, na ramani ya eneo lake la utangazaji imechorwa na shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU. Kwa kuondoa nchi chache zilizoongezwa, mpaka wa mashariki ni longitudo 40 Mashariki na wa kusini ni latitudo 30 Kaskazini. Ndiyo maana Morocco iliweza kushiriki mwaka 1980. Nilitafuta Malakisi kwenye ramani. Longitudo yetu ni 34 na kidogo, kwa hivyo upande wa mashariki tumo! Latitudo yetu haifiki hata 1. Tumekosa kwa digrii 29 na ushee.

San Marino ilikuwa katika nusu fainali ile ile. Watu wake ni kama 34,000, na iligawa pointi 58 kamili. Kaunti ya Bungoma peke yake ilihesabiwa kuwa na watu 1,670,570 katika sensa ya 2019, na usiku ule hakuna aliyeweza kutoa hata moja. Sisemi San Marino ipunguziwe. Nasema wimbo uliingia na lugha ambayo wenyewe wake wote walikuwa nje ya uzio wakichungulia.

Mtu atauliza: lazima uelewe lugha ndipo uhukumu wimbo? La. Tamasha la Muziki la Kenya limekuwepo tangu 1927, na kila mwaka utaona kwaya ya shule ya Kisii au Nyeri ikiimba wimbo wa Kibukusu, na mwalimu wao hajawahi kufika Sirisia. Sisi tumezoea. Lakini pale jaji anaandika alama na sababu: matamshi hivi, mwendo hivi, ngoma imezidi sauti. Na ukumbini hakosi mtu wa lugha hiyo anayetikisa kichwa wakikosea. Düsseldorf hakukuwa na wa kutikisa kichwa, wala wa kushangilia mahali panapostahili.

Kanuni zimebadilika tangu wakati huo. Mwaka 2016 pointi za majaji na za watazamaji zilitenganishwa. Mwaka 2023, Liverpool, ikaletwa kura ya "dunia nzima": watazamaji wa nchi zisizoshiriki wanapiga kura mtandaoni kwa kadi ya benki, na kura zao zote zinahesabiwa kama za nchi moja. Yaani sote pamoja tuna uzito wa San Marino. Ni kitu. Kadi ilikuwa kikwazo kwa wengi huku, ingawa tangu 2022 M-Pesa inaweza kukutolea namba ya kadi ya mtandaoni.

Nikajiuliza: je, kura hiyo ingekuwepo 2011? Nikaandika programu ya mistari michache. Tuseme dunia nzima imempa Stella 12. 30 na 12 ni 42. Bado nje. Toa dunia nzima, lete Sweden na Denmark, kila mmoja atoe 12: 54. Bado nje! Malta na Armenia walikuwa na 54 na walibaki nyumbani, Uswisi ikapita na 55. Weka zote tatu: 66, na hapo anavuka. Najua hesabu hii ni ya kukadiria, kwa sababu pointi akipewa huyu mwingine anapungukiwa. Lakini inaonyesha ukubwa wa shimo. Kura ya wenye lugha peke yake isingemwokoa, majirani peke yao wasingemwokoa. Na wakati huo huo Azerbaijan, iliyotoka nusu fainali hiyo hiyo, ilitwaa taji tarehe 14 Mei kwa pointi 221.

Miaka kumi baadaye, Rotterdam 2021, Sweden ililetwa na Tusse, kijana aliyezaliwa Kongo na kupitia kambi ya wakimbizi Uganda kabla ya kufika Sweden. "Voices" yake ilikuwa ya 14 fainali na pointi 109. Aliimba Kiingereza kitupu. Sauti yake naiheshimu, wimbo niliusahau wiki iliyofuata. Hata ukiwa na udhaifu wake, "Haba Haba" bado naisikia kichwani nikiwa nasubiri programu imalize kujikusanya.

Halafu likaja jambo ambalo sikulitarajia: Kenya yenyewe kwenye shindano la kimataifa la nyimbo. Urusi ilifufua Intervision, shindano la nchi za kisoshalisti lililofanyika Sopot, Poland, kati ya 1977 na 1980. Kuna hadithi maarufu, sijui ina ukweli kiasi gani, kwamba enzi hizo wasio na simu walipiga kura kwa kuwasha taa, na mafundi wa umeme wakapima mzigo ulivyopanda. Kama ni uongo, ni uongo uliotungwa na mhandisi. Intervision mpya ilifanyika karibu na Moscow tarehe 20 Septemba 2025, nchi 22, zikiwemo Kenya, Ethiopia na Madagascar. Kenya ilimpeleka Sanaipei Tande, ambaye wengi wetu tunamkumbuka tangu Coca-Cola Popstars na kundi la Sema mwaka 2004. Siasa za shindano lile mnazijua, sihitaji kuzirudia. Vietnam ilishinda kupitia Đức Phúc.

Kwa hivyo mwaka 2011 lugha yetu ilipanda jukwaani chini ya bendera ya Norway, na mwaka 2025 bendera yetu ikapanda yenyewe. Safari hii nilikuwa na intaneti ya kutosha, picha haikukwama hata mara moja, na Sanaipei aliimba kama mtu aliyezoea majukwaa makubwa. Alipomaliza nilianza kutafuta mahali pa kupigia kura. Hapakuwepo. Intervision iliamuliwa na majaji peke yao, mmoja kwa kila nchi, na watazamaji hawakuulizwa, wa Malakisi wala wa Moscow.