Mchoro wa Mchangani

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni 2 walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio na kujadiliana. Kikundi changu hapa Mkotokuyana kilikuwa na wengi wasiojua kusoma, basi nikachora mchangani: unyayo, mshale, tumbo. Ndivyo mnyoo wa safura anavyoingia, nikasema. Wakashika palepale. Kumbe nilikuwa nimeruka safari yenyewe: hupenya ngozi, hufuata damu hadi mapafuni, hupanda kooni, ndipo humezwa. Wiki iliyofuata niliongeza mapafu, nilikuwa nimechelewa. Vyoo walichimba, nashukuru. Lakini miaka mingi baadaye bibi mmoja aliniuliza, “Mwalimu, yule mnyoo wako bado anapitia pajani?”