Uzamili wa historia ya Ulaya: Mwongozo kwa wahitimu wa Tanga

WAHITIMU wa historia kutoka Tanga, Pangani, Muheza na Korogwe wanaotaka kusoma shahada ya uzamili ya historia ya Ulaya hukutana na swali moja kabla ya mengine yote: Mtanzania wa mwambao anatafuta nini katika historia ya Wazungu? Swali hilo huulizwa nyumbani na wazazi, kisha huulizwa tena, kwa lugha ya kitaaluma, na kamati za udahili za vyuo vikuu. Anayeshindwa kulijibu mara hiyo ya pili yumo hatarini kukosa nafasi, hata kama alama zake ni za juu.

Jibu halipo mbali. Pangani ndiko upinzani dhidi ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ulikozuka mwaka 1888, na ndiko kiongozi wake, Abushiri bin Salim, aliponyongwa Desemba 1889. Mwaka 1893 ujenzi wa reli ya Usambara ulianza mjini Tanga, na mwaka huohuo miche ya kwanza ya mkonge, iliyoletwa na Richard Hindorf kutoka Florida kupitia Hamburg, ikapandwa Kikokwe, Pangani. Miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kituo cha utafiti cha Amani kilianzishwa mwaka 1902, na Novemba 1914 jeshi la Uingereza, likiwa na askari wapatao 8,000, lilishindwa mjini Tanga na kikosi kidogo zaidi cha Paul von Lettow-Vorbeck.

Matukio hayo ni historia ya Tanga, lakini ni historia ya Ujerumani na Uingereza pia. Kumbukumbu zake zimegawanyika. Sehemu moja ipo Dar es Salaam, katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambako majalada ya utawala wa Kijerumani yaliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Sehemu nyingine, yakiwamo majalada ya Wizara ya Makoloni ya Ujerumani, ipo Berlin.

Umuhimu wa kuwapo Watanzania wanaoweza kusoma pande zote mbili ulionekana wazi Novemba 1, 2023, pale Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipoomba msamaha mjini Songea kwa yale yaliyotendwa na wakoloni. Mazungumzo ya kurejesha mabaki ya binadamu na vitu vilivyochukuliwa yanahitaji ushahidi wa maandishi, na mengi ya maandishi hayo ni ya Kijerumani, tena kwa mwandiko wa zamani ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawausomi bila mafunzo.

Programu zenyewe

Programu hizo ni za aina tatu. Ya kwanza ni ile ya vyuo kadhaa vilivyoungana chini ya mpango wa Umoja wa Ulaya wa Erasmus Mundus, ulioanza mwaka 2004. Miongoni mwake ni uzamili wa Taaluma za Ulimwengu, uliozinduliwa mwaka 2005 chini ya uratibu wa Chuo Kikuu cha Leipzig, na ule wa Historia katika Uwanja wa Umma, uliobuniwa na vyuo vya Vienna, Tokyo, Florence na Lisbon. Mwanafunzi husoma miaka miwili na kuhama chuo angalau mara moja. Orodha ya programu zinazopata fedha hubadilika, hivyo mwombaji hana budi kuithibitisha kila mwaka.

Aina ya pili ni programu za vyuo vya umma vya Ujerumani. Mfano ni uzamili wa Historia ya Ulimwengu unaotolewa kwa pamoja na vyuo vikuu viwili vya Berlin, Freie Universität na Humboldt, ulioanza mwaka 2012 na kufundishwa kwa Kiingereza. Vyuo vya umma vya Berlin havitozi ada ya masomo katika programu za namna hiyo, isipokuwa mchango wa kila muhula. Hata hivyo, mwanafunzi anayeomba viza bila ufadhili hutakiwa kuonyesha kuwa anaweza kujikimu, na njia ya kawaida ni kuweka fedha katika akaunti maalumu iliyofungwa. Kiwango kilichowekwa Septemba 2024 kilikuwa euro 11,904 kwa mwaka.

Aina ya tatu ni vyuo vya Uingereza, vikiwamo Oxford na Cambridge, ambako masomo huchukua takriban mwaka mmoja, lakini ada ni kubwa kiasi kwamba bila ufadhili wengi hawawezi.

Alama na lugha

Katika mfumo wa Tanzania wenye alama za juu 5.0, daraja la kwanza huanzia wastani wa 4.4 na daraja la pili la juu huanzia 3.5. Programu zenye ushindani hutarajia angalau daraja la pili la juu, na zile za Oxford na Cambridge hutazama karibu zaidi na daraja la kwanza. Aliye chini ya hapo hajafungiwa njia: anaweza kusoma kwanza uzamili nchini, kwa mfano Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akaomba akiwa na tasnifu mkononi.

Chuo hicho kina jina katika fani hii. Walter Rodney alifundisha hapo, na kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoifanya Afrika iwe nyuma kimaendeleo kilichapishwa mwaka 1972 na Tanzania Publishing House kwa kushirikiana na wachapishaji wa London. John Iliffe, mwandishi wa historia ya Tanganyika chini ya Wajerumani, alifundisha hapo pia. Mwombaji aliyewasoma na anayeweza kueleza anapokubaliana nao na anapotofautiana nao ana mtaji ambao mwombaji wa Ulaya huenda hana.

Vyuo vingi hudai mtihani wa Kiingereza kama IELTS, ambao matokeo yake hudumu miaka miwili. Baadhi hukubali barua ya chuo inayothibitisha kuwa mwombaji alifundishwa kwa Kiingereza. Aidha, anayetaka kuandika juu ya Ujerumani au Ufaransa hunufaika akianza lugha mapema. Goethe-Institut na Alliance Française zote zina vituo Dar es Salaam.

Nyaraka na majina

Nyaraka zinazohitajika hufanana: vyeti, nakala ya matokeo ya chuo kikuu, wasifu, barua mbili au tatu za wadhamini wa kitaaluma, barua ya nia, sampuli ya maandishi na pasipoti. Kwa vyuo vingi vya Ujerumani maombi hupitia taasisi ya uni-assist, ambayo hutoza euro 75 kwa ombi la kwanza na euro 30 kwa kila ombi linalofuata katika msimu huohuo. Taasisi hiyo hukagua nyaraka tu. Uamuzi hubaki kwa chuo.

Kwa watu wa mwambao, jambo linalokwamisha mara nyingi ni majina. Mtu huitwa Mwanahamisi katika cheti cha kuzaliwa, Mwanahamis katika cheti cha kidato cha nne, na jina la babu huonekana katika pasipoti lakini halimo katika shahada. Afisa wa udahili aliye Leipzig hana namna ya kujua kuwa huyo ni mtu mmoja. Tofauti ndogo hurekebishwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili, nyingine hudai marekebisho RITA au NECTA. Kazi hiyo hula wiki kadhaa, hivyo hufanywa kabla dirisha la maombi halijafunguliwa.

Barua za wadhamini nazo hutaka muda. Mhadhiri mwenye wanafunzi mamia hawezi kumkumbuka kila mmoja. Anayemwomba barua humpelekea pia insha aliyomwandikia, matokeo na muhtasari wa programu, angalau wiki sita kabla ya siku ya mwisho.

Barua ya nia

Hapa ndipo wengi huanguka. Barua inayosema mwombaji anapenda historia tangu utotoni na anataka kulisaidia taifa haimtofautishi na mamia ya wengine. Kamati hutafuta mambo matatu: swali, vyanzo vya kulijibu, na sababu ya kulijibia katika chuo hicho.

Mfano wa swali ni jinsi mashamba ya mkonge ya Pangani na Muheza yalivyopata vibarua kabla ya mwaka 1914, na jinsi jambo hilo lilivyojadiliwa Berlin. Mfano mwingine ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki. Mwaka 1905, alipotaka kurejea nyumbani na mkewe Mjerumani, mamlaka za kikoloni ziliwazuia kushuka pamoja. Alirudi Ujerumani na kufariki Berlin mwaka 1927. Anayeuliza kwa nini dola iliyomwajiri mtu huyo iliogopa ndoa yake anauliza swali la historia ya Ulaya.

Fedha na kalenda

Ufadhili wa Erasmus Mundus hulipa euro 1,400 kwa mwezi kwa muda usiozidi miezi 24, na aliyeupata halipi ada. Madirisha yake kwa kawaida huwa kati ya Oktoba na Januari. Chevening ya Serikali ya Uingereza hufunguliwa Agosti na kufungwa karibu na Oktoba. Hudai uzoefu wa kazi wa saa 2,800 na ahadi ya kurudi nyumbani kwa miaka miwili. Oxford na Cambridge huwataka wanaohitaji ufadhili walete maombi kati ya Desemba na Januari.

Hakuna hata mojawapo ya njia hizo inayohitaji wakala. Mwombaji huwasilisha mwenyewe kupitia tovuti ya chuo au ya mfadhili, na anayedai fedha ili "kuhakikisha nafasi" anauza kitu asichokuwa nacho.

Anayekataliwa anaweza kuomba tena msimu unaofuata, na mwaka wa kusubiri si mwaka wa kupotea. Miezi michache ya kusoma majalada Dar es Salaam na kujifunza Kijerumani cha kusomea hubadili barua ya nia kuliko marekebisho yoyote ya lugha. Naye anayehitimu na kurudi ahakikishe shahada yake inatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, kabla ya kuomba kazi ya kufundisha.