Maziwa ya Moto ya Erasto Mpemba

Katika mwaka 1963, wavulana wa shule ya sekondari ya Magamba, Tanganyika, walikuwa na desturi ya kujitengenezea aiskrimu. Maziwa yalichemshwa, yakatiwa sukari, yakaachwa yapoe, ndipo yakawekwa katika jokofu. Nafasi ilikuwa haba na wenye kuitaka walikuwa wengi. Siku moja Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alimwona mwenzake akiwahi nafasi kwa maziwa ambayo hata hayakuchemshwa. Akahofu kukosa mahali, akayatia yake yangali ya moto. Baada ya saa moja na nusu aliyakuta yake yameganda. Ya mwenzake bado.

Mwalimu alimwambia ya kwamba amechanganyikiwa. Mpemba akanyamaza, lakini hakusahau. Baadaye rafiki yake, muuza aiskrimu wa Tanga, alimweleza kuwa wao huweka maziwa ya moto kwa kusudi, ili yagande upesi. Basi watu wa biashara walikuwa wakilitumia jambo ambalo darasa lilikuwa likilikana.

Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, walifundishwa kanuni ya Newton juu ya kupoa kwa vitu. Mpemba akauliza tena. Mwalimu akamdhihaki: hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Tangu hapo, kila alipokosea hesabu, darasa zima lilimrushia maneno ya namna hiyo. Aliyepata kuchekwa darasani ajua uzito wake.

Zamani zile Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki kilikuwa na vyuo vitatu ndugu: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Kutoka Dar es Salaam akaja Dakta Denis Osborne kuzungumza na wanafunzi wa Mkwawa. Mpemba akasimama. Vyombo viwili vilivyo sawa vina maji ya kiasi kimoja, haya ya nyuzi 35, yale ya nyuzi 100. Kwa nini yaliyo moto hutangulia kuganda? Wenzake waliona haya. Osborne alimwuliza kama amejaribu mwenyewe. Alipojibu ndiyo, mgeni alikiri kuwa hajui sababu, akaahidi kujaribu, ingawa moyoni alidhani kijana amekosea. Fundi wa maabara aliyepewa kazi hiyo alileta habari ya kwamba maji moto ndiyo yaliyoganda kwanza. Akaongeza kuwa ataendelea kujaribu hata apate jibu lililo sahihi!

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walitoa makala pamoja katika jarida la Physics Education. Wakati huo Mpemba alikuwa akisomea utunzaji wa wanyamapori huko Mweka, karibu na Moshi.

Ubishi haukuisha. Aristotle aliwahi kuandika juu ya jambo hili. Lakini mwaka 2016 wataalamu wawili wa Uingereza walipima wasilione, wakaonyesha ya kuwa kukisogeza kipimajoto kidogo tu kwaweza kumdanganya mpimaji. Msomaji wa Westlands au Kawangware mwenye jokofu na ajaribu, bali asiamini jaribio moja.

Mwaka 2024, huko Innsbruck, Austria, wanasayansi walinasa atomu za kalsiamu zenye chaji ya umeme, zilizopozwa kwa mwanga wa leza hata karibu na kikomo cha baridi. Humo waliona hali iliyokuwa mbali zaidi na utulivu ikiufikia kabla ya ile iliyokuwa karibu. Wakaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba.