Mwegemeo wa Pumzi

“Nikaze wapi, Mwalimu?”

Swali hili hulisikia karibu katika kila somo la kwanza. Anayeuliza mara nyingi ni mwanakwaya wa miaka mingi. Anasoma solfa bila shida, ana sikio zuri, na amekuja peke yake kwa sababu kila Jumapili ibada ya pili inamkuta sauti imekauka. Ameambiwa aimbe kwa tumbo. Ametii, amelikaza tumbo hadi mishipa ya shingo imemsimama, na noti za juu bado zinapasuka.

Namwelewa, maana nilipitia hapo. Mwalimu wa kwaya yetu alitutaka tukaze matumbo kama watu wanaosubiri ngumi. Nilikaza kuliko wote, na wiki ya Pasaka nikaamka sina sauti kabisa. Nilikaa kimya wiki mbili. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na jambo la kweli mkononi, ila neno alilolibebea halikulifaa.

Jambo hilo Waitalia huliita appoggio. Kinywani mwetu lingekuwa apojo. Limetokana na kitenzi appoggiare, yaani kuegemea, kama ngazi inavyoegemezwa ukutani. Kitenzi hicho ndicho kilichozaa pia appoggiatura, ile noti ndogo ya pambo inayoiegemea noti iliyo mbele yake. Francesco Lamperti, aliyefundisha katika Konsevatori ya Milan kuanzia 1850 hadi 1875, alieleza kwamba ndani ya mwimbaji kuna mapambano: misuli ya kuvuta pumzi inashindana na misuli ya kuitoa, na sauti nzuri huzaliwa pale ambapo hakuna upande unaoshinda haraka.

Tuangalie mwili wenyewe. Mtu akivuta pumzi, kiwambo hujikaza na kushuka, na mbavu hupanuka. Kiwambo ni ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, na napenda sana jina lake, kwani linatoka katika kuwamba, kama ngozi inavyowambwa juu ya ngoma. Kazi yake ni kuingiza hewa. Hausukumi sauti nje, na tumboni hakuna hewa ya kuimbia. Mapafu yakishajaa, yenyewe yanataka kunywea, kama mpira uliovutwa ukaachiwa. Kwa hiyo shinikizo huwa kubwa mwanzoni mwa mstari wa wimbo, mahali ambapo mwimbaji hahitaji kusukuma hata kidogo. Akisukuma, hewa nyingi hupanda kwa kishindo na kukutana na nyuzi sauti, ambazo ni tishu ndogo mno. Kwenye ile noti A ambayo ala hupatanishwa nayo, nyuzi hizo hufunga na kufunguka mara 440 kwa sekunde. Zikishambuliwa na hewa nyingi, hubanana ili kuizuia. Huko kubanana ndiko kunakoleta ukavu na uchovu, na kwa mtu anayeendelea hivyo kwa muda mrefu, vinundu.

Mkwezi anayeshusha madafu kwa kamba anaujua ustadi ninaousema. Madafu yana uzito wake, yatashuka tu. Yeye hayasukumi chini. Kazi ya mikono yake ni kuuzuia uzito ule na kuiachia kamba kidogo kidogo, yafike yakiwa mazima. Mwimbaji naye huziacha mbavu zikae wazi kwa muda baada ya kuvuta pumzi, kana kwamba bado anaivuta, na hewa ikatoka kwa kipimo. Misuli ya tumbo huongeza nguvu taratibu kadiri mapafu yanavyopungua, hasa kuelekea mwisho wa mstari. Msomaji wa Kurani aliyefunzwa tajwidi hujipangia pumzi kwa namna ya karibu na hiyo, akijua mapema aya itamruhusu kusimama wapi.

Sasa jambo hilo la Waitalia tuliiteje kwa Kiswahili? Vijana husema sapoti. Ni neno linaloishi, lakini kwetu limeshapata kazi nyingine: msanii akiomba sapoti anaomba watu wanunue tiketi. Msaada wa pumzi nimeuona katika maelezo ya mazoezi, na unanitia shaka, kwa kuwa msaada hutoka kwa mwingine, hali hapa mwili unajizuia wenyewe. Mhimili ni neno lenye fahari, ila mhimili ni nguzo, na mwanafunzi akisikia nguzo anakakamaa. Nilivutiwa muda mrefu na egemeo. Hata hivyo, mtoto wa shule ya msingi anajua kuwa egemeo ni ile sehemu ya wenzo isiyosogea, na katika uimbaji hakuna hata nukta moja isiyosogea.

Ndipo nilipofika kwenye mwegemeo, wingi miegemeo, kwa muundo ule ule uliotupa mwendo na mwegamo. Linataja tendo linaloendelea, na linatoka katika kitenzi kile kile alichokichagua Mwitalia. Lina faida nyingine ambayo kwangu mimi mwalimu ndiyo kubwa: linarudi kuwa kitenzi bila taabu. Katikati ya wimbo sina nafasi ya kutoa maelezo. Nahitaji amri ya pumzi moja, na “iegemee!” inatosha. Jaribu kumwambia mtu “isaidie pumzi” uone atakavyokutazama. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, BAKITA, tangu lilipoundwa mwaka 1967, ndilo lenye dhamana ya kusanifu istilahi, na nitafurahi likilipima neno hili. Lakini mwanafunzi yuko mbele yangu leo.

Katika kwaya ya watu 40 mwalimu hawezi kuona mbavu za kila mmoja. Somo la mtu mmoja lina nafasi hiyo. Namwambia aweke viganja vyake ubavuni, chini, mahali mbavu zinapokwisha. Avute pumzi kimya, mabega yakiwa yametulia, kisha atoe “sss” nyembamba isiyotetereka huku akizisikiliza mbavu zisiporomoke. Mara ya kwanza wengi hufika sekunde nane au tisa, wakaanza kubana koo. Hapo husimama, koo likibana zoezi limekwisha, hata kama hewa bado ipo. Tukirudia siku nyingi sekunde huongezeka zenyewe. Baada ya “sss” huja mvumo wa midomo iliyofumbwa, na mwisho maneno.

Dada mmoja aliyekuja na swali lile la kukaza alikuwa, kila noti ikimpasukia, anashusha macho na kusema, “Leo sina sauti, Mwalimu. Labda mimi si wa kuimba.” Wiki ya tano noti ilimpasukia tena, pale pale pa siku zote. Alinyamaza kidogo, akaweka mkono ubavuni.

“Mwegemeo umeniponyoka kwenye mstari wa pili,” akasema. “Naomba nianzie hapo hapo.”