Dinari ya Makaisari

Dinari ya fedha ilianza kugongwa Roma mnamo mwaka 211 KK, wakati wa vita dhidi ya Hannibal. Augustus aliposhika dola aliikuta imezoeleka. Kwake dinari 25 zilikuwa sawa na sarafu moja ya dhahabu, na askari wa kawaida wa legioni alilipwa dinari 225 kwa mwaka. Sarafu ilikuwa na gramu 3.9 hivi za fedha karibu tupu.

Fundi aliweka kipande cha fedha kati ya mihuri miwili ya chuma, akaupiga wa juu kwa nyundo. Kazi ilikwenda mbio, ndiyo maana sarafu nyingi zina picha iliyokaa upande au herufi zilizokatika ukingoni. Kichwa cha mtawala kilizungukwa na vyeo vilivyofupishwa: IMP, CAES, AVG, na mara nyingi TR P yenye namba ya mwaka wa mamlaka yake, namba inayowapa wanahistoria tarehe ya sarafu yenyewe.

Mwaka 64 BK Nero aliagiza ratili moja ya Kirumi itoe dinari 96 badala ya 84, tena akaongeza shaba. Waliomfuata wengi walipita njia hiyohiyo, na sababu kubwa ilikuwa jeshi. Septimius Severus, aliyepata kiti kwa upanga na kuwaongezea askari mshahara, aliishusha fedha hadi karibu nusu. Mwanawe Caracalla alitoa mwaka 215 sarafu mpya, antoniniano, yenye kichwa kilichovikwa taji la miale ya jua. Inaaminika ilihesabiwa kuwa dinari mbili, ingawa uzito wake ulikuwa wa moja na nusu tu.

Watu hawakudanganyika. Walizificha sarafu za zamani na kulipa kwa mpya. Mafungu yaliyofukiwa wakati huo bado yanachimbuliwa Ulaya. Kufikia mwaka 270 antoniniano ilikuwa shaba iliyopakwa fedha juujuu, fedha yenyewe ikiwa asilimia 2 hivi.

Aurelian alijaribu kuitengeneza mwaka 274. Miaka 20 baadaye Diocletian alirudisha sarafu ya fedha safi, argenteo, kwa kipimo cha Nero cha 96 kwa ratili. Dinari ilibaki ya kuhesabia tu: amri yake ya bei ya mwaka 301 iliipa ratili ya dhahabu thamani ya dinari 72,000, ilhali enzi za Augustus zilitosha 1,000 hivi.