Kizuia-mgando katika Injini ya Gari la Mashindano

Kizuia-mgando ni kiowevu kinachochanganywa na maji ya rejeta ili kushusha kiwango cha halijoto ambacho maji hayo huganda, na aghalabu huwa ni glikoli ya ethilini au ya propilini iliyotiwa kemikali za kukinga kutu. Mafundi wengi wa Afrika Mashariki hukiita kulanti, jina linalotosha kwa gari la kawaida, kwa kuwa humo mchanganyiko mmoja hupoza injini na kuzuia maji yasigande. Katika gari la mashindano, hata hivyo, kazi hizo mbili hugombana, na ndiyo maana zinastahili istilahi mbili.

Msimu wa mashindano unapoendelea, rejeta ya gari hilo hujazwa maji matupu yenye dawa kidogo ya kutu. Maji hubeba joto vizuri kuliko mchanganyiko wenye glikoli, lakini sababu nzito zaidi ni usalama, kwani glikoli ikimwagika huifanya lami iteleze na haikauki upesi kama maji, na kwa hiyo waandaaji wengi wa mashindano huipiga marufuku. Maji hayo ni kipozaji kamili, ila si kizuia-mgando hata kidogo.

Hatari huja pale gari linapohifadhiwa majira ya baridi katika banda lisilo na kipasha joto, kama ilivyo desturi Wisconsin, Michigan na sehemu nyingi za Kanada. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na nguvu hiyo, ileile inayopasua chupa ya soda iliyosahauliwa kwenye friza, huweza kupasua bloku ya chuma au ya alumini. Wapo wanaotegemea vile vizibo vya duara vilivyo ubavuni mwa bloku, wakiamini kwamba vitafyatuka na kuiokoa injini. Imani hiyo imetokana na jina la mitaani la vizibo hivyo kwa Kiingereza, “freeze plugs”, yaani vizibo vya mgando, ilhali kazi yake halisi ni kuziba matundu yaliyobaki bloku ilipokalibiwa.

Kumwaga maji ya rejeta peke yake hakutoshi, kwa sababu mengine hubaki ndani ya bloku na pampu, yakihitaji kufunguliwa njia zake, na hata yakitoka yote hewa yenye unyevu hualika kutu. Lililo bora ni kujaza mchanganyiko wa nusu glikoli na nusu maji yaliyokenekwa, unaostahimili baridi ya hadi nyuzi 37 hivi chini ya sifuri za Selsiasi, kisha kuiwasha injini mpaka thamostati, kama ipo, ifunguke na mchanganyiko ufike kila pembe. Kuongeza glikoli kupita kiasi hakuongezi kinga: glikoli tupu ya ethilini, ajabu ya kemia, huganda kwenye nyuzi 13 hivi chini ya sifuri, mapema kuliko mchanganyiko wenyewe.

Kabla ya mashindano ya kwanza ya majira ya kuchipua, mfumo wote humwagwa na kusuuzwa, glikoli isifike kiwanjani. Ile ya ethilini ina ladha tamu inayovutia mbwa na watoto, nayo ni sumu ya kuua. Sharti ikingwe katika chombo chenye kifuniko.