John Stephen Akhwari

John Stephen Akhwari (alizaliwa Mbulu, 1938) ni mwanariadha wa zamani wa mbio ndefu kutoka Tanzania. Anajulikana hasa kwa kumaliza marathoni ya Olimpiki ya 1968 akiwa na goti lililoteguka. Alirudi mashindanoni baada ya jeraha hilo, na baadaye taasisi yenye jina lake ilianzishwa kusaidia wanariadha wa Tanzania kujiandaa kwa Olimpiki.

Jeraha la 1968

Marathoni ilikimbiwa tarehe 20 Oktoba 1968 katika Jiji la Mexico, lililopo zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi ya huko iliwasumbua wakimbiaji wengi, na Akhwari alishikwa na misuli njiani. Karibu na kilomita ya 19 wakimbiaji waligombania nafasi, akasukumwa akaanguka. Goti lilichanika na kuteguka, na bega likagonga barabara kwa nguvu. Alifungwa bandeji, akaendelea, mara akikimbia, mara akitembea kwa kuchechemea.

Wakimbiaji 75 walianza na 57 tu wakamaliza. Miongoni mwa walioacha alikuwa Abebe Bikila wa Ethiopia, bingwa wa 1960 na 1964, ambaye naye alikuwa na jeraha la mguu. Mamo Wolde, pia wa Ethiopia, alishinda kwa saa 2:20:26. Akhwari aliingia uwanjani giza likianza kutanda, watazamaji wengi wakiwa wameshaondoka. Muda wake ulikuwa saa 3:25:27, nafasi ya 57. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kiasi kile ili aanze mbio, bali ili azimalize. Mtengenezaji filamu Bud Greenspan wa Marekani ndiye aliyelieneza tukio hilo duniani.

Kurudi mashindanoni

Masimulizi mengi huishia hapo, na msomaji hubaki akidhani kwamba Akhwari alikuwa mkimbiaji dhaifu mwenye moyo mkubwa. Sivyo. Julai 1970, chini ya miaka miwili baada ya kuumia, alikimbia marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Uskoti, akawa wa tano kwa saa 2:15:05. Muda huo ni bora kuliko ule uliompa Wolde dhahabu, ingawa Edinburgh haina mwinuko wa Mexico. Mshindi alikuwa Ron Hill wa Uingereza, saa 2:09:28.

Miaka minane baadaye Mtanzania mwingine, Gidamis Shahanga, alishinda marathoni ya michezo hiyohiyo mjini Edmonton, Kanada.

Baada ya kustaafu

Akhwari alirudi Mbulu (leo katika Mkoa wa Manyara) akawa mkulima. Mwaka 1983 alitunukiwa nishani ya taifa ya ushujaa. Alialikwa kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, na kabla ya Olimpiki ya Beijing ya 2008 alikuwa balozi wa hiari wa michezo hiyo. Mwenge wa Olimpiki ulipopita Dar es Salaam tarehe 13 Aprili 2008, kituo chake pekee barani Afrika mwaka huo, Akhwari alikuwa mmoja wa walioukimbiza.